Kushona ni Kutoboa: Jinsi ya Kuanza Kujishonea Vifaa vya Kambi

Turubai langu la kwanza lilivuja pale pale nilipolishona kwa uangalifu zaidi. Kitambaa chenyewe hakikupitisha hata tone. Maji yalipenya katikati, kwenye mshono mrefu uliounganisha vipande viwili, ule niliourudia mara tatu ili uwe imara. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba kila nilipouimarisha nilikuwa nautoboa upya.

Kwenye gauni au shati tundu la sindano si kitu. Nguo inapumua, mwili unapumua, hakuna anayejali. Turubai, shanta na mfarishi, yaani lile blanketi lililojazwa la kujifunika, vina kazi nyingine: kimoja kinazuia maji, kingine kinabeba uzito, kingine kinafungia joto. Na vyote vitatu tunavitengeneza kwa kuvichoma sindano. Chukua turubai lenye mshono wa mita 3 katikati, ukishona kwa hatua ya milimita 3. Mstari mmoja tu umeshaacha matundu 1,000. Ongeza mstari wa pili wa kukandamizia pindo, yanakuwa 2,000, kwenye paa ulilonunulia kitambaa kisichopitisha maji.

Anayeanza huamini ugumu uko kwenye kunyoosha mstari. Hauko huko, mstari ukipinda kidogo mfuko bado utabeba. Ugumu uko kwenye kuamua matundu yawe mangapi, yakae wapi, na yaelekee upande gani maji, uzito au baridi vinapofika. Ukilishika hilo, mambo mengine yanayomchanganya mgeni wa kazi hii, kama namba za sindano, majina ya vitambaa na aina za mishono, yanaanza kueleweka kwa sababu yanajibu swali lile lile.

Cherehani

Swali la "ninunue cherehani gani?" huulizwa kwanza, ingawa lingeweza kungoja. Cherehani yoyote ya nyumbani inayoshona mstari ulionyooka inatosha. Hata ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono inafaa kuliko watu wanavyodhani, maana inakuachia utoboe tundu moja moja, na kwa kitambaa kinachoteleza kama samaki hiyo ni neema. Cherehani ya kiwandani ina nguvu kweli, lakini ina kasi ambayo mwanafunzi haijui matumizi yake, isipokuwa kuharibu haraka.

Kinachofaa kujua ni jinsi mshono wenyewe unavyofungana. Mshono wa cherehani tuliouzoea, ambao Elias Howe aliupatia hataza Marekani mwaka 1846 na ambao mashine za Isaac Singer zilikuja kuusambaza, hauendi kama mshono wa mkono. Una nyuzi mbili. Wa juu unashuka na sindano, wa chini unatoka kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi kilicho chini ya bamba, na zinakumbatiana ndani ya unene wa kitambaa. Kwenye jinzi kuna nafasi tele ya kuficha kumbatio hilo. Kitambaa cha turubai jepesi kina unene wa sehemu ya kumi ya milimita, au hata pungufu. Fundo halina pa kujificha. Ukikaza uzi kama ulivyozoea kwenye nguo, mshono wote unajikunja kama uso wa mtu aliyeuma ndimu.

Dawa yake ni kulegeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, kutumia sindano nyembamba, kurefusha hatua ya mshono hadi milimita 3 hivi, na kukishika kitambaa mbele na nyuma ya mguu wa cherehani kikae kimenyooka. Kukishika, si kukivuta. Ukivuta unaipinda sindano, inagonga bamba la chini na kukatika, na kipande chake hakitabiriki kitakakorukia.

Jambo moja linalowakatisha tamaa wengi siku ya kwanza: upande wa chini wa kitambaa panatokea kiota cha nyuzi zilizosokotana. Watu hukimbilia bobini kwa kuwa uchafu uko chini. Mara nyingi kosa liko juu. Uzi ulipitishwa mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, visahani vya kukaza uzi vilikuwa vimefumba, na uzi ukapita nje yake bila kubanwa. Inua mguu, chomoa uzi, pitisha upya tangu mwanzo. Nimewahi kuona cherehani ikifunguliwa skrubu zote kwa ajili ya kosa hili.

Namba za sindano ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Sindano namba 80 ina unene wa milimita 0.8, namba 100 ni milimita 1 kamili. Kwa turubai jepesi chukua 70 au 80, kwa shanta ambalo tabaka nne zinakutana chukua 90 au 100. Ncha nayo ina maana. Kitambaa kilichofumwa kwa kupishanisha nyuzi na kupakwa dawa ya kuzuia maji kinataka ncha kali, itoboe tundu dogo na safi. Kitambaa kinachovutika, kilichosukwa kama fulana au sweta, kinataka ncha ya mviringo inayosogeza nyuzi pembeni badala ya kuzikata. Na sindano huisha. Ikianza kutoa sauti ya "tk, tk" kila inapoingia, imeshakuwa butu na inatoboa matundu makubwa kuliko yale uliyokusudia. Itupe.

Kuhusu uzi, jibu ni fupi: poliesta. Uzi wa pamba hunyonya maji, huoza, na hauvutiki pamoja na kitambaa cha nailoni, hivyo hukatika kitambaa kikiwa bado kizima.

Kitambaa na namba zake

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kitambaa kimoja huelezwa kwa namba tatu au nne ambazo hazipimi kitu kimoja.

Denieri hupima unene wa uzi, wala haisemi chochote kuhusu ubora. Chukua mita 9,000 za uzi huo, uupime kwenye mizani. Gramu utakazopata ndiyo denieri yake. Uzi wa denieri 20 ni mwembamba mno, mita 9,000 zake zina gramu 20 tu, na hutumika kwenye turubai na mifuko myepesi. Denieri 210 unaanza kuwa wa shanta. Denieri 500 na kuendelea ni wa shanta litakaloburutwa juu ya mawe. Uzi wa kushonea una kipimo chake kinachoitwa teksi, nacho ni gramu katika mita 1,000, kwa hiyo teksi 1 ni sawa na denieri 9. Uzi wa kawaida wa poliesta uko karibu na teksi 30. Mikanda ya shanta hupendelea teksi 70, lakini cherehani nyingi za nyumbani zitagoma.

Gramu kwa mita ya mraba ni uzito wa kitambaa kizima pamoja na dawa kilichopakwa. Na milimita unazoziona zikitajwa kwenye vitambaa vya kuzuia maji ni urefu wa mnara wa maji. Fikiria bomba lililosimamishwa juu ya kitambaa na kujazwa maji polepole. Kitambaa cha milimita 1,500 kinastahimili maji ya kimo cha mita moja na nusu kabla matone hayajaanza kupenya. Mvua inayotua juu ya paa lililoinama haifikishi kandamizo hilo kirahisi. Goti la mtu aliyepiga magoti kwenye tope hulizidi kwa urahisi, ndiyo maana kitambaa cha sakafu ya hema huwa na namba kubwa kuliko cha paa.

Vile vimiraba vidogo unavyoviona kwenye kitambaa cha hema au parachuti si urembo. Kila baada ya milimita chache kumefumwa uzi mnene zaidi, kwa urefu na kwa upana. Kitambaa kikichanika, mchaniko hutembea hadi kwenye uzi huo na kukwama. Bado kitachanika ukikivuta vya kutosha, lakini tundu la cheche halitakuwa mlango kabla hujaamka.

Nailoni au poliesta? Watu hubishana kana kwamba ni timu za mpira. Nailoni ina nguvu zaidi kwa uzito ule ule na huvumilia msuguano, lakini hunywa maji kidogo na kurefuka. Ukifunga turubai la nailoni kavu likiwa limekazika vizuri, usiku mvua ikinyesha utaamka ulikute limelegea kama shavu la mzee. Poliesta hainywi maji kwa kiasi cha kuonekana, hubaki imekazika, na jua huichelewa kuila. Mimi kwa turubai nachagua poliesta na kwa shanta nailoni. Sijawahi kujuta kwa lolote kati ya hayo mawili.

Muhimu kuliko nailoni na poliesta ni dawa iliyopakwa juu, kwa sababu ndiyo itakayoamua utazibaje matundu yako. Kuna familia mbili kubwa. Kitambaa kilicholowekwa silikoni huwa chepesi, kinateleza vibaya sana mezani, na hakishikwi na kitu chochote isipokuwa silikoni nyingine. Tepu za kuziba mishono hazikamati juu yake. Kitambaa kilichopakwa poliyurethani huteleza kidogo tu, hukubali tepu inayobandikwa kwa joto, na kwa anayeanza ni rafiki zaidi. Aibu yake hutokea uzeeni: unyevu huivunjavunja poliyurethani, na hema lililokunjwa likiwa bichi na kuwekwa kabatini huja kufunguliwa miaka baadaye likinata na kunuka kama matapishi. Kabla hujakata chochote, jua umeshika familia ipi. Kama muuzaji hajui, paka tone la gundi ya silikoni kwenye pembe na uliache likauke. Likibanduka kama ganda la yai, basi hicho si kitambaa cha silikoni.

Na kuna mwelekeo. Kitambaa kilichofumwa kina mtande, zile nyuzi za urefu zilizotangulia kutandazwa, na mshindio, zile zinazopishana nazo kwa upana. Kwa mielekeo hiyo miwili hakivutiki. Kivute kimshazari, kuanzia pembe hadi pembe, kitarefuka mbele ya macho yako. Kipande kilichokatwa mshazari kwa ajili ya kubana matumizi ya kitambaa kitakusumbua maisha yake yote, kwa sababu upande mmoja utarefuka na mwingine hautarefuka, na utalaumu mkono wako.

Kukata kwenyewe hakuna siri nyingi. Tandika chini, kandamiza kwa vitabu vizito badala ya pini, chora kwa chaki kufuata kiolezo cha karatasi, kata. Kingo za nailoni na poliesta huyeyuka kwa moto, hivyo kupitisha ncha ya moto wa kiberiti karibu nazo huzuia zisifumuke. Karibu nazo, si ndani yake, na dirisha likiwa wazi.

Kazi ya kwanza: mfuko wa kamba

Anza na mfuko wa kuhifadhia nguo, unaofungwa kwa kamba mdomoni. Najua unatamani hema. Mfuko una mishono iliyonyooka, pindo, mfereji wa kamba, na pembe za kitako, yaani karibu kila kitu kitakachorudi baadaye kwenye shanta, na ukikosea umepoteza kipande kidogo tu.

Kata kipande chenye upana wa sentimita 32 na urefu wa sentimita 78. Kila upande mfupi ukunje sentimita 1, kisha sentimita 2, ushone: huo ni mfereji wa kamba. Kabla ya kuukunja, ingiza ndani kingo za pembeni kwa sentimita chache ili midomo ya mfereji isifumuke. Sasa kunja kipande kizima katikati, nje iwe ndani, na ushone kingo mbili za pembeni kwa sentimita 1, ukikomea chini ya mfereji. Una mfuko bapa wa upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 36.

Kisha yale ya kitako. Mfuko ukiwa bado nje-ndani, bana pembe moja ya chini hadi mshono wa pembeni ulale juu ya mstari wa katikati wa kitako. Pembe inakuwa pembetatu. Pima sentimita 6 kutoka kwenye ncha ukifuata mshono, chora mstari unaoukata kwa pembe mraba. Utakuwa na urefu wa sentimita 12. Shona hapo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Ukiupindua, mfuko unasimama: kitako cha sentimita 12 kwa 18, kimo cha 30, ujazo wa lita 6 na nusu hivi.

Wengi hushtuka kwamba upana wa 30 umekuwa 18. Haujapotea. Mzingo ni ule ule wa sentimita 60, umegawanywa tu kwa pande nne badala ya mbili. Ukilielewa hili kwa mikono yako, umeelewa umbo la kila begi lililowahi kushonwa.

Mshono wa paa

Turejee kwenye turubai langu lililovuja. Mshono unaotakiwa pale ni ule unaofungiana, ambao kingo za vipande viwili hushikana kama vidole vilivyokunjwa. Weka vipande viwili uso kwa uso, kimoja kikitokeza sentimita 1 zaidi. Shona mstari wa kwanza. Ule ukingo uliotokeza ukunje ufunike ule mfupi, halafu ulaze wote upande mmoja na ushone mstari wa pili kuukandamiza. Sasa una tabaka nne zinazobebeana mzigo, na hakuna ukingo uliobaki wazi kufumuka. Ulaze mkunjo uelekee chini ya mteremko, kama makuti ya paa yanavyolaliana, maji yapite juu yake badala ya kukusanyika kwenye mfuko wa pindo. Mimi niliulaza juu. Nikautengenezea maji bakuli.

Bado kuna matundu. Ya kitambaa cha silikoni huzibwa kwa gundi ya silikoni safi iliyozimuliwa kwa spiriti nyeupe ya rangi hadi iwe kama uji mwepesi, ikapakwa kwa brashi upande wa nje, kisha ikaachwa ikauke usiku kucha. Ya poliyurethani huzibwa kwa tepu au kwa dawa ya jamii yake. Turubai dogo kabisa linaweza kukwepa suala lote: tafuta kitambaa chenye upana unaotosha, lisiwe na mshono katikati. Tundu rahisi kuziba kuliko yote ni lile ambalo hukulitoboa.

Kuna jambo la umbo ambalo huwafanya watu wafikiri wamekosea kushona. Turubai la kingo zilizonyooka, likifungwa kwa pembe zake, hulegea katikati ya kila ukingo na kupepea kwa kelele usiku mzima. Nguvu inakwenda kwenye pembe na kukiacha kitambaa cha katikati bila kazi. Mafundi hukata kingo hizo zikiwa zimejipinda kuingia ndani, kwa mkunjo ule ule wa mnyororo unaoning'inia. Mkunjo huo uliwashughulisha wakubwa: mwaka 1691 Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli walitoa kila mmoja jibu lake la kihesabu. Fundi haihitaji hesabu hiyo. Piga misumari miwili ukutani kwa umbali wa urefu wa ukingo wako, ning'iniza mnyororo mwembamba ulegee sentimita 8 hivi kwa kila mita 3, chora juu ya karatasi iliyo nyuma yake, umemaliza.

Uzito unapita wapi?

Mkanda wa shanta ukikatika, uzi wenyewe huwa mara chache ndio wa kulaumiwa. Angalia jinsi mkanda ulivyovutwa. Mkanda uliolala juu ya kitambaa na kuvutwa kufuata kitambaa hicho hicho hugawa uzito kwa mishono yote kwa pamoja. Mkanda ule ule ukivutwa kwa kubanduliwa, kama unavyobandua plasta kwenye kidonda, unaukabidhi uzito wote kwa mshono mmoja wa mwanzo. Huo ukikatika, unafuata wa pili, kisha wa tatu. Mishono hamsini haikusaidii kitu ikiwa inapigana mmoja mmoja.

Kwa hiyo kwanza panga mwelekeo, ndipo uongeze mishono. Mkanda ulaze upande utakaovutiwa. Ingiza mwisho wake ndani ya mshono mkubwa kila inapowezekana, ubanwe kati ya tabaka mbili. Chini yake weka kiraka kikubwa kuliko mkanda, kigawe uzito kwenye eneo pana. Halafu ndipo ushone umbo la mraba lenye alama ya X ndani yake, au ile mistari mifupi ya zigizaga iliyobanana ambayo unaiona kwenye vitanzi vya suruali ya jinzi.

Na usizidishe. Mistari ya matundu iliyobanana mno hugeuza kitambaa kuwa karatasi ya stempu: kimechongwa tayari pa kuchanikia. Nilichofanya kwenye turubai langu, kurudia mstari mara tatu, kingekuwa kibaya vile vile kama pangekuwa na uzito badala ya maji.

Mfano mzuri wa jinsi nguvu inavyomdanganya mtu ni machela ya kulalia, ile inayoning'inizwa kati ya miti miwili. Ni kazi nyepesi mno kushona: kipande cha mita 3 kwa mita 1 na nusu, pindo pande zote, mfereji mpana kila mwisho wa kupitisha kamba. Saa mbili unamaliza. Swali liko kwenye kuifunga. Mtu wa kilo 80, kamba zikiteremka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo, kila kamba inabeba kilo 80. Si nusu yake, kama akili inavyotaka kuamini. Akizikaza kamba hadi pembe iwe nyuzi 10, kila kamba inabeba kilo 230 hivi. Kwa nyuzi 5 ni karibu kilo 460. Machela iliyokazwa iwe tambarare kama kitanda ndiyo inayopasuka. Ifunge ilegee, chini, kimo cha kiti, na majaribio ya kwanza uyafanye juu ya nyasi.

Baridi nayo hupenya kwenye tundu

Mfarishi wa kulalia ni kazi nzuri ya pili au ya tatu, na kwa maoni yangu unafaa kuliko mfuko wa kulalia wenye zipu. Kinachotunza joto si uzito wa kitambaa, ni hewa iliyotulia ndani ya manyoya au nyuzi zilizofutuka. Ukilala juu yake unaikamua hewa hiyo, na ile sehemu ya chini yako inabaki mzigo wa bure. Kazi ya kukukinga na ardhi ni ya godoro. Hivyo mfarishi huondoa kitako chote, na zipu pamoja nacho.

Na hapa tundu linarudi kwa sura nyingine. Ukiupiga mfarishi mistari ya mshono inayopita tabaka zote, kila mstari unazibana zile nyuzi zilizofutuka hadi unene wake unakuwa sifuri, na baridi hupita hapo kama kwenye mlango ulioachwa wazi. Ndiyo sababu anayeanza atafute shuka la kujazia, la nyuzi za sintetiki zilizo ndefu, zilizoungana zenyewe, ambazo hazihitaji kushonwa katikati. Kata shuka hilo na vitambaa viwili kwa kipimo kimoja, shona kingo, acha nafasi ya kupinduzia, pindua, funga nafasi. Urefu uwe wa mwili wako ukiongeza sentimita 25 hadi 30, upana uwe wa sentimita 130 au 140 mabegani ukipungua kuelekea miguuni, na upande wa miguu ushonwe uwe kama soksi.

Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto zaidi. Pia yanataka vyumba vyenye kuta za kitambaa ndani, kupimwa kwa mizani chumba baada ya chumba, na yatakujaa puani kwa wiki nzima. Yaache kwanza.

Shanta, na mpangilio wa mambo

Shanta halina mshono mgumu ambao hukuufanya kwenye mfuko wa kamba. Linachanganya kwa sababu ya mpangilio. Kila kitu kinachokaa juu ya kipande, iwe mfuko wa pembeni, kitanzi, bizimu, mkanda wa begani, lazima kishonwe kipande kikiwa bado bapa mezani. Ukishaufunga mwili kuwa bomba, mguu wa cherehani haufiki tena. Na kwa kuwa unashona nje-ndani, mkanda uliosahau kuuelekeza utakuja kugundua umejifungia ndani ya begi siku unapolipindua kwa fahari. Hilo litakupata. Linampata kila mtu mara moja.

Ndiyo maana inafaa kulishona kwanza kwa shuka kuukuu. Piga bandi kubwa kubwa tu, jaza nguo, livae, tembea nyumbani. Pima mgongo kutoka kwenye lile fupa linalochomoza chini ya shingo unapoinamisha kichwa hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Mikanda ya mabegani na mkanda wa kiunoni hufuata kipimo hicho, na urefu wako wote hauna habari nacho. Begi la kwanza lisilo na fremu ulitarajie kubeba kilo 8 hadi 10 kwa raha. Zaidi ya hapo mabega yatakuambia.

Koti la mvua na hema lenye zipu vinaweza kungoja mwaka. Lakini kuna vifaa ambavyo hata ukingoja miaka usivishone: mkanda wa kupandia miamba, na chochote kile ambacho mshono wake ukifumuka mtu anaanguka kutoka juu. Hivyo nunua vilivyopimwa. Sioni aibu kusema hivyo mbele ya wanaojivunia kujishonea kila kitu. Na kitambaa cha nailoni au poliesta huyeyuka na kuungua, hivyo jiko lisiwashwe chini ya turubai lililofungwa pande zote, kwa moto wake na kwa hewa ya sumu inayojikusanya humo.

Turubai likishakauka dawa ya mshono, lifunge nyuma ya nyumba kabla ya kulipeleka popote. Lilaze kwa mteremko utakaoutumia kambini, mwombe mtu alimwagie maji kwa mpira wa bustani robo saa, nawe uingie chini na chaki mkononi. Angalia kwanza pale mistari miwili inapokutana, kisha pale ulipoanzia na kumalizia kushona, kisha pembeni ya viraka vya kamba. Tone likijitokeza, zungushia duara. Langu la pili lilikuwa na maduara manne, yote ya matundu ya pini nilizochoma wakati wa kukata na kuzisahau.